Bahari Iliyohamia Sebuleni kwa Siwema

Nchi hii haipo. Ingekuwapo, tusingethubutu kuisema.

Inaitwa Jamhuri ya Katikati, na jina lake limeipendeza, kwa sababu imezungukwa na nchi za watu pande zote. Mkatikati akitaka kuiona bahari hupanda basi, hugongewa mihuri kwenye mipaka, hulala njiani, na akifika huambiwa leo imefungwa. Pamoja na hayo, Katikati ina Wizara ya Bahari, Fukwe na Mambo ya Kina. Ilipopata uhuru, wakubwa walinakili wizara zote za jirani mwenye pwani, na bwana aliyepewa kazi ya kufuta zisizohusika alikuta ameshateuliwa kuwa Waziri wa mojawapo. Akaweka kifutio chini, akaapishwa.

Tangu hapo wizara imenawiri. Ina Idara ya Mawimbi, Idara ya Chumvi, na kitengo kidogo cha Kuwasikitikia Mabaharia. Jeshi la Wanamaji hufanya mazoezi kwenye uwanja wa mpira, wakiwa wamekaa safu mbili juu ya nyasi wakipiga makasia. Mvua ikinyesha huruhusiwa kwenda nyumbani, kwa kuogopa kuzama.

Mpiga chapa wa wizara hiyo alikuwa Siwema, mwanamke kijana, mama wa mtoto mmoja anayetambaa, na mwenye imani isiyoelezeka kwamba mambo yatakaa sawa tu. Mumewe, Mwalimu Yusto, alikuwa akimwambia kwamba imani ya namna hiyo ingefaa kukatiwa bima. Waliishi na binti yao Chausiku katika nyumba ndogo ya chini mjini Kitovuni, waliyouziwa na serikali siku zile serikali ilipokuwa ikiuza nyumba zake ili ipate uwezo wa kujenga nyumba za serikali. Vyumba viwili, sebule katikati, na bati lililovuja kwa adabu, upande mmoja tu. Siwema alipaka kuta zile mwenyewe akiwa na mimba kubwa, brashi mkono mmoja na ndimu ya kulamba mkono wa pili. Nyumba nyingine hawakuwa nayo, wala pa kuitolea.

Sasa, zikafika habari kwamba Umoja wa Nchi Zenye Bahari, ambao Katikati ni mwanachama mwanzilishi, unatuma ujumbe kuja kutazama bahari za wanachama wake. Nchi itakayokutwa haina itafukuzwa, na waheshimiwa wake hawataalikwa tena kwenye mikutano ya visiwani.

Hapo ndipo nchi ilipoona tatizo.

Mheshimiwa Dakta Fidelis Mabonde, Waziri wa Bahari, akaitisha kikao. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kuhutubia umati hata anapoomba apitishiwe sukari.

“Ndugu zangu,” alisema, “wapo watu wanaozunguka wakisema hatuna bahari. Hao ni watu wasioitakia mema nchi yetu. Bahari tunayo! Tangu enzi za mababu! Kilichochelewa ni maji.”

Wakapiga makofi mpaka glasi zikatikisika.

Mtaalamu mmoja akaeleza kwamba huko ng’ambo kuna matajiri wanaofuga bahari majumbani mwao. Huweka tangi la kioo, maji ya chumvi, mawe, matumbawe hai, na samaki wa rangi zote. Waziri akaagiza liletwe tangi kubwa kuliko la tajiri yeyote. Ikabaki kuamua litakaa wapi. Ofisi za wizara ziko ghorofa ya tano, ili wafanyakazi wawe wa kwanza kuiona bahari siku itakapotokea. Mhandisi akaonya kwamba sakafu haitaubeba uzito ule, na bahari itashukia ghorofa ya nne, Wizara ya Fedha, ambako kitu kikishaingia hakionekani tena.

“Labda nyumbani kwa Mheshimiwa?” akasema mtu.

“Kwangu kuna zulia,” akasema Waziri.

Kikao kikanyamaza. Siwema, aliyekuwa akiandika yanayosemwa, akamnong’oneza mwenzake wa pembeni, kama mazungumzo tu ya wanawake: “Afadhali mimi, kwangu ni saruji tupu. Chausiku akimwaga uji nafuta mara moja.”

Lakini Katikati ina desturi yake. Kikao cha wakubwa kikinyamaza, halafu akasikika mtu wa chini, alichosema huwa ni azimio.

“Limepita!” Waziri akagonga meza. “Mpeni dada yetu pongezi.”

* * *

Bahari ilifika kwa lori. Tangi lilikuwa refu kuliko sebule, kwa hiyo ukuta wa chumba cha wageni ukatobolewa ili bahari iingize miguu. Kochi likahamia chumbani, likapanda kitandani. Meza ikaenda uani kwa kuku. Bati likaonekana halifai kuwa juu ya bahari, likazibwa kwa haraka. Hilo Siwema alilitia moyoni kama faida.

“Mke wangu,” alisema Yusto, akijaribu kulala juu ya kochi lililo juu ya kitanda, na pua yake ikigusa dari, “hivi ulishindwa kusema kwetu kuna zulia?”

“Zulia liko wapi, baba Chausiku?”

“Ungelisema tu. Waziri naye kasema.”

Idara ya Chumvi, ambayo haikuwahi kupewa kazi, ilileta shehena ya chumvi ya mezani, yenye picha ya mpishi. Fundi wa kigeni aliyekuja na tangi akakaa kitako sakafuni akajishika kichwa. Ikabidi iagizwe chumvi yenyewe, ile ya kufugia bahari. Maji yalipokuwa tayari, Waziri akaja kuyapima. Msaidizi alimshikia tai, yeye akachovya kidole, akalamba, akatazama juu kama anayekumbuka jambo.

“Bado haijakolea. Bahari ya taifa lazima iwe na msimamo.”

Kisha fundi akatoa maelezo ambayo nchi haikuyapenda. Mawe yakishawekwa, na pampu zikishawashwa, bahari huachwa bila samaki mpaka ikomae. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huota kwenye mawe na kula uchafu. Samaki akiingizwa kabla yao, anakufa.

“Vijidudu visivyoonekana,” Waziri alirudia. “Na vinafanya kazi?”

“Usiku na mchana, Mheshimiwa.”

“Vimeajiriwa na nani?”

Ofisa utumishi akavifungulia faili, akaandika kwamba vyeti vyao vitafuata.

Siwema alikuwa mtu pekee aliyesubiri kwa furaha. Kila asubuhi, kabla hajachemsha uji, alikwenda kuchungulia. Kwanza mawe yakaota utando wa kahawia wa kuchukiza. Halafu ukaja ujani kama nywele. Halafu siku moja vyote vikajiondokea, maji yakang’aa. Ilimkumbusha Chausiku alipokuwa na mba ya utotoni. Watu wazima wote walikuwa na dawa, naye akapona mwenyewe.

Wakaja samaki na matumbawe. Taa za buluu zikawashwa, na sebule, ambayo mpaka siku ile ilikuwa imeangaziwa na balbu moja yenye huzuni, ikawa mahali pengine kabisa. Kulikuwa na matumbawe kama ubongo, na mengine kama mikono ya watu wanaoomba waulize swali. Kulikuwa na mnyama anayefanana na ua, mwenye vidole laini vinavyochezacheza, na humo vidoleni wakahamia samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa, wenye mistari myeupe, kama wachezaji waliosahau kuvua jezi. Chausiku, ambaye alikuwa akilia meno kila jioni mtaa mzima ukajua, alibandika viganja vyake kwenye kioo kile, akafungua mdomo, akanyamaza. Udenda ukamtiririka. Siwema akamkumbatia kwa nyuma, wakawa wanatazama pamoja. Akasema moyoni, kumbe serikali nayo ina siku zake.

* * *

Lakini bahari ikishakuwa bahari, haiachwi hivihivi. Uhamiaji wakaweka meza mlangoni mwa jikoni, kwa kuwa mtu atokaye chumbani kwenda jikoni hupita baharini, na apitaye baharini anatoka nje ya nchi na kurudi. Yusto alilazimika kueleza madhumuni ya safari kila alipotaka chai.

“Utalii au biashara?”

“Njaa.”

“Hiyo haimo. Chagua mojawapo.”

Wanamaji wakapiga kambi barazani. Walipoyaona maji kwa mara ya kwanza, wengine walilia kwa sauti. Kamanda wao aliomba kuyashika, akayashika, akarudi nyuma akapiga saluti.

Na kwa kuwa bahari lazima ipwe na ijae, aliletwa Bwana Ezironi, Ofisa Kupwa na Kujaa. Alikuwa kijana mwembamba, amevaa tai hata Jumapili, aliyesomea fani hiyo miaka mingi kwa fedha za umma na hakuwahi kuiona ikitokea. Asubuhi alichota kopo moja la maji kutoka tangini akatangaza, “Kupwa!” Jioni akalirudisha akatangaza, “Kujaa!” Kisha akaondoka, ameinamisha kichwa kama mtu asiyejivunia kazi yake.

Majirani walifurahi. Ni nani Kitovuni aliyewahi kuwa na jirani mwenye bahari? Mama Gaudensia, muuza vitumbua wa mlango wa pili, mwanamke ambaye siri ikimfikia huwa tangazo, alibadilisha maandishi ya kibanda chake yakawa VITUMBUA VYA PWANI, akaanza kusema “upepo wa bahari umenichosha leo.”

Furaha hiyo ikaisha asubuhi moja, alipobisha hodi mzee mpole mwenye futi kamba ndefu na kopo la rangi nyekundu. Huyo alikuwa Bwana Shitindi, wa Mamlaka ya Kulinda Fukwe. Katikati ilikuwa na sheria nzuri ya fukwe, iliyomkataza mtu yeyote kuishi chini ya mita sitini kutoka ufukweni. Kilichokosekana ni ufukwe tu. Kwa hiyo Bwana Shitindi alikuwa amekaa ofisini tangu ujana wake, akilowesha brashi kila Ijumaa isikauke.

“Karibu, baba,” alisema Siwema. “Angalia usikanyage waya wa pampu.”

“Ahsante, mwanangu. Nyumba nzuri. Pole sana.”

“Pole ya nini?”

“Subiri nichore kwanza. Taratibu ni kuchora, halafu kueleza.”

Akapiga mstari mmoja mwekundu, akapiga wa pili ukikatiza wa kwanza, pale pale kwenye ukuta alioupaka Siwema kwa mikono yake. X. Akarudi nyuma kuitazama, akainamisha kichwa kushoto, akaongeza rangi kidogo kwenye mguu mmoja.

“Sasa naeleza. Umevamia ufukwe. Nyumba itabomolewa.”

“Nimevamia? Baba yangu, sisi tulikuwa hapa kabla ya bahari!”

“Wote husema hivyo.”

“Bahari imekuja juzi, na lori! Majirani wote wameona! Hata alama za magurudumu zipo!”

“Hiyo ndiyo tabia ya bahari, mwanangu,” alisema Bwana Shitindi kwa huruma ya kweli. “Husogea. Ndiyo maana sheria ikaweka mita sitini. Ungejenga mbali kidogo.”

“Mbali na nini, wakati haikuwepo?”

“Na pale itakapokuwepo.”

Siwema akatazama huku na huku, akamkuta Chausiku ameketi chini akijaribu kulamba brashi. Akamnyanyua. “Na hawa samaki je? Mbona nao wanaishi hapa?”

Mzee akacheka kidogo, kama anayemwelewesha mtoto. “Samaki ni wakazi wa baharini. Wana haki.”

Akavuta futi kamba yake dirishani, akatoka nayo mtaani. Mpaka saa ya chakula cha mchana, mtaa mzima ulikuwa na X. Kibanda cha vitumbua kilipata mbili, moja kwa ajili ya kibanda na nyingine kwa ajili ya neno PWANI, ambalo lilichukuliwa kuwa ni kukiri kosa.

* * *

Siwema akaenda kwa Waziri, Chausiku mgongoni.

“Mheshimiwa, wanataka kunibomolea nyumba.”

“Hongera sana!” Waziri alisimama akampa mkono. “Habari nimezipata. Mimi mwenyewe nimepanga iwe siku ya wageni. Fikiria, dada yangu! Nchi nyingi zina bahari. Lakini ni ngapi zitaonyesha bahari na ubomoaji kwa mpigo mmoja? Watajua hatuna mchezo na fukwe.”

“Mheshimiwa, nyumba ile ndiyo tuliyo nayo. Sina nyingine.”

“Ndiyo maana inapendeza. Kubomoa nyumba ya mtu mwenye nyingine, nani angeguswa?”

“Na bahari itakaa wapi?”

“Itabaki palepale, tutaizungushia uzio. Usiwe na wasiwasi juu ya bahari. Na wewe utaingia kwenye historia ya taifa.”

“Nitalala wapi, Mheshimiwa?”

“Kwenye historia,” alisema Waziri, akashangaa kwamba hakueleweka.

Kisha akaaga, kwa kuwa alikuwa na ndege ya kuwahi. Alikuwa anakwenda visiwani, ziara ya kujifunza namna ya kusimama ufukweni, na angerudi pamoja na wageni moja kwa moja hadi kwenye sherehe.

Siwema akarudi nyumbani akaanza kufunga vyombo. Sufuria zikaingia ndani ya sufuria. Nguo za mtoto zikaingia kwenye shuka. Yusto hakusema neno la bima wala la zulia. Alikaa akimfulia Chausiku nepi, na hapo Siwema akajua kwamba hata mumewe amekata tamaa, maana kwa kawaida nepi huzikimbia.

Bwana Ezironi akaingia na kopo lake. Akachota. “Kupwa,” akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Siwema akamtazama. Akatazama kopo.

“Kaka Ezironi, huko ndiko kupwa kote?”

“Ndiko kulikoidhinishwa, dada.”

“Wageni wanatoka kwenye bahari za kweli. Nimesikia huko maji yakipwa yanakwenda mbali, mpaka watu wanaokota kombe yalipokuwa. Wewe utasimama mbele yao na kopo?”

Kijana akaweka kopo chini. Masikio yake yalikuwa yamewiva. “Unadhani sipendi? Dada, mimi nimesomea kupwa kukubwa! Niliandika tasnifu nzima! Lakini hapa maji yatakwenda wapi? Jikoni?”

“Kwani ufukwe ni wapi, kwa kanuni zenu?”

“Ni pale maji yalipo.”

“Na anayeamua maji yawe wapi ni nani?”

Bwana Ezironi akafungua mdomo ataje cheo cha mkubwa fulani, akakosa. Akafikiri. Uso wake ukabadilika polepole, kama taa ya buluu ilivyokuwa ikiwaka asubuhi.

“Ni mimi,” akasema. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

* * *

Kupwa kukubwa kulifanyika mchana kweupe, kwa kufuata taratibu zote. Mama Gaudensia alitangaza mtaani, na kila mwenye X akaja na chombo chake. Yalikuja mabeseni, ndoo, madumu, na sufuria ya pilau ya msikitini.

“Kupwaaa!” alipaza sauti Bwana Ezironi, tai begani, machozi machoni.

Maji yakashuka. Mawe yakaingia kwenye ndoo, yamezamishwa humohumo ndani ya maji yao ili vijidudu visife. Matumbawe yakabebwa moja moja kama watoto wachanga. Wanamaji, ambao kwa mara ya kwanza walikuwa na operesheni, walilinyanyua tangi tupu kwa kuimba, na kamanda akawasihi wasikohoe. Siwema alimfunga Chausiku mgongoni, akabeba mwenyewe beseni la yule mnyama-ua na samaki wake wawili, amelifunika kanga wasichomwe na jua.

“Tunaelekea wapi?” aliuliza Yusto, mwenye pampu kila kwapa.

“Kwa mwenyewe,” alisema Mama Gaudensia. “Si aliapishwa nayo?”

Nyumba ya Waziri ilikuwa ng’ambo ya bonde, kwenye kiwanja kilichokuwa cha shule kabla shule haijagundua kwamba haikihitaji. Mlinzi akatoka getini.

“Nani?”

“Bahari,” alisema Bwana Ezironi.

“Ina miadi?”

“Bahari haina miadi, afande. Inapwa, inakuja.”

Mlinzi alitazama ile foleni ya mabeseni iliyopanda kutoka bondeni, akaona hakuna maelekezo kuhusu bahari, akafungua. Jioni ile mawimbi yalikuwa yakipiga katikati ya ukumbi wa Waziri, juu ya zulia. Umeme wa mtaa ule haukatiki, na samaki, waliozoea kupumzika pampu zikizimika, walionekana kuchanganyikiwa.

Bwana Shitindi alipopita kukagua X zake alikuta sebule ya Siwema ni sakafu tupu yenye unyevu.

“Bahari iko wapi, mwanangu?”

“Imepwa, baba. Imefika kule juu.”

“Basi ufukwe ni kule.” Akakuna kidevu. “Hii X yako siifuti, kufuta ni idara nyingine. Lakini naweza kuipiga mstari katikati, kuonyesha imehama.”

Akaipiga mstari. Kisha akachukua futi kamba na kopo, akapanda kilima taratibu, mzee asiyependelea mtu. Akachora X getini. Akachora ukutani, kwenye nguzo za baraza, kwenye gereji mbili, na kwenye banda la mbwa, ambaye alilamba rangi akaona si mbaya.

* * *

Siku ya wageni, Waziri akafika na msafara, uso umebabuka kwa jua la visiwani. Bendi ilipiga. Kiongozi wa ujumbe, bibi mmoja mwenye kofia pana, alielekezwa kwa heshima mpaka ufukweni, na ufukweni palikuwa kwa Waziri. Katapila lilikuwa tayari, linanguruma.

“Hii mbona ni nyumba yangu?” alisema Waziri.

“Mheshimiwa, mimi sisomi majina,” alisema dereva wa katapila. “Nasoma X.” Akasukuma ukuta wa mbele kidogo, kwa majaribio. Ukalala.

“Simamisha! Simamisha mara moja!”

Bibi mwenye kofia akageuka. “Mheshimiwa, nani huyu aliyejenga ndani ya ufukwe namna hii?”

Waziri akageuka mbele, akageuka nyuma. Mbele yake kulikuwa na ujumbe, nyuma yake kulikuwa na gereji. “Ni… ni raia mmoja,” alisema. “Nina hakika hakuwa na nia mbaya.”

“Sheria yenu inasemaje?”

“Sheria yetu… inarekebishwa.”

Bunge la Katikati, ambalo lilikuwa limeshindwa kukutana juu ya dawa za hospitali kwa sababu ya uhaba wa viti, lilikutana palepale kwa simu. Sheria ya zamani haikuweza kufutwa hivihivi mbele ya wageni. Ingeonekana serikali imemwogopa mvamizi. Kwa hiyo wakaigeuza. Waziri akaisoma kwa ile sauti yake ya umati:

“Kuanzia sasa, wananchi wapo huru kuishi popote walipo! Mvamizi halisi ni bahari yenyewe! Ni marufuku kwa bahari kusogea chini ya mita sitini kutoka alipo Waziri yeyote!”

Wabunge walikuwa wamejiongeza humo. Wakurugenzi nao, wakiona nafasi, wakajiongeza. Wakafuata makamanda, Uhamiaji, maofisa wa kuchora X, na yeyote aliyetumwa na yeyote kati ya hao. Ikawa sheria ndefu. Ujumbe ulisimama ukapiga makofi. Walikuwa wametembelea nchi nyingi, lakini hawakuwahi kuiona nchi iliyothubutu kuipa bahari onyo. Katikati ikachaguliwa palepale kuwa mwenyekiti wa Umoja.

Waziri, akijikuta anavunja sheria kwa kila dakika aliyosimama ukumbini mwake, akarudi nyuma haraka mpaka barabarani, akapaza sauti kutoka huko: “Iondoeni! Nani ataichukua?”

Watu wakatazamana. Kila mtu alikuwa na kumbukumbu ya brashi. Yusto akamshika mkewe mkono kwa nguvu, kwa kuwa alimfahamu.

“Mheshimiwa!” Siwema aliita kutoka kwenye ngazi. “Nina swali. Popote itakapokuwa bahari, Waziri hafiki karibu?”

“Hafiki! Ni sheria!”

“Hata kukagua?”

“Hata kukagua!”

“Hata kuzindua kitu? Hata kuja kuchora? Hata kubomoa?”

“Mita sitini, dada, nimesema! Hakuna atakayeruhusiwa!”

Siwema akamtazama mumewe. Yusto akamwachia mkono, akaanza kukunja mikono ya shati.

“Basi nipeni,” alisema Siwema.

Wakairudisha bondeni kwa mabeseni yaleyale. Uhamiaji walibaki nje ya mita sitini na meza yao. Bwana Shitindi, aliye mita sitini na moja, alimpungia Chausiku brashi. Chausiku alibandika viganja kiooni akacheka, na samaki wawili wa machungwa wakatoka vidoleni mwa yule mnyama kumtazama.

Siwema alikuwa bado anafuta sakafu aliposikia kelele za vyombo. Akachungulia dirishani. Foleni ilikuwa imeanzia mlangoni kwake, imepita kibanda cha vitumbua, imeshika barabara ya soko, na bado watu walikuwa wanajiunga. Wengine na chupa, wengine na vikombe vya chai, mama mmoja ana kijiko tu na ana haraka. Wa mbele kabisa alikuwa Mama Gaudensia, ameshika dumu kwa mikono miwili.

“Nijazie na mimi, shoga,” alisema, kwa sauti ya chini ambayo hakuna mtu mtaani aliyewahi kuisikia kwake. “Nina kiwanja changu kule mwisho wa bonde. Waziri amekipenda.”